Kabla hujageuza pombe ya nyumbani kuwa ajira, tafuta kwanza hela ya kumwaga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Barua ni ndefu kidogo, naomba usiikate sana maana kuna kijana anaisubiri.

Wiki kadhaa zilizopita mlitoa makala ya kuwahimiza vijana wageuze kile wanachokipenda kiwe ajira, mkataja kupika keki, kusuka, kupiga picha, na mwishoni mkagusia watu wanaotengeneza mvinyo na bia nyumbani. Mpwa wangu akaikata ile makala kwa mkasi akaja nayo hapa Tabata Jumapili asubuhi, shikamoo anko, marahaba, hata chai hajanywa, "Soma hapa." Ana miaka 23, kamaliza chuo mwaka juzi, kazi hajapata, na kumbe alishaongea na wale jamaa wa mikopo ya kausha damu wampe milioni tatu aanze kupika bia kwa vyombo vyangu. Vyombo vyangu na jina langu, maana mtaani hapa wanajua fundi anapika kitu kizuri.

Tumebishana naye sana kwa mdomo. Nimeona niandike, kwa sababu naamini hayuko peke yake, na kwa sababu kuna kitu kilinitokea mwaka jana ambacho watu wengi hawakijui mpaka wakiingie wenyewe.

Mi ni fundi wa friji na eisi, huu mwaka wa 14. Kupika pombe ndio starehe yangu, sio kunywa, kupika. Nimezaliwa Kibosho kule Kilimanjaro na bibi yangu mzaa mama alikuwa anapika mbege ya shughuli, ile pombe ya ndizi na ulezi, sisi watoto tunatumwa kumenya ndizi mbivu mpaka vidole vinanata, anazichemsha mpaka zinageuka rangi kama ya tofali, anaziacha siku kadhaa, na wakati huo ulezi umeshaloweshwa ukaota ukaanikwa ukasagwa, na gome la msesewe lile chungu liko pembeni linasubiri. Alikuwa hana kipimo chochote. Anaweka sikio kwenye pipa anasikiliza. Kweli kabisa, anasikiliza pombe inavyochemka halafu anakwambia hii kesho mchana, ile bado. Na ikiharibika alikuwa anaiita kwa jina lake, "hii imekufa", anamwagia migomba, hakuna mjadala.

Hapa mjini nilianza upya miaka sita iliyopita. Nilikwenda Masaki kutengeneza friza ya mteja mmoja Mjerumani, nikajua ni friza ya nyama, kufungua nakuta ndoo inatoa povu. Tulikaa pale mpaka jioni. Yule mzee alipoondoka nchini aliniachia haidromita yake na pakiti mbili za hamira ya bia. Kwa wasioijua, haidromita ni kijiti cha kioo kinachoelea, kwenye maji matupu kinasoma 1.000, kwenye uji wa kimea wenye sukari kinapanda kinasoma labda 1.050, halafu hamira ikila ile sukari kinashuka siku hadi siku mpaka kama 1.010 kinasimama. Ukitoa namba ya mwisho kwenye ya kwanza ukazidisha kwa 131 unapata kilevi, hapo ni kama asilimia 5. Mara ya kwanza kuona namba inashuka nilimkumbuka bibi na sikio lake kwenye pipa, nikasema kumbe yeye alikuwa anasoma hii hii.

Tatizo la Dar ni joto. Hamira nyingi za bia zinapenda nyuzi 18 mpaka 22, na sisi Februari ndani ya nyumba hata usiku unakuta 30, na pombe yenyewe ikianza kuchemka inajitengenezea joto lake, katikati ya ndoo inaizidi chumba kwa nyuzi kadhaa. Hamira ikipata joto inafanya kazi kama mtoto anayeandika homuweki huku wenzake wanamwita mpirani, inamaliza lakini inaacha mambo ndani, yale yanayochoma koo na kukupasua kichwa asubuhi. Kuna hamira ya wakulima wa Norway inaitwa kveik inavumilia 35 na zaidi, nimewahi kuipata mara moja tu kupitia mtu aliyesafiri. Kwa hiyo nikachukua friza bovu ambayo mteja aliitelekeza ofisini kwangu, nikaifunga kompresa nyingine na themostati ya nje nikaiseti 20. Usiku ule ilivyokaa kwenye 20 bila kuyumba sikulala, niliamka mara tatu kwenda kuangalia namba.

Bia yangu naipika kwa kimea cha ulezi nachanganya na cha shayiri. Ulezi nachukua Tandale sokoni, naulowesha, nautandaza juu ya gunia bichi mpaka uote vijimizizi, naanika, nasaga. Hopsi, yale maua makavu machungu, hayalimwi huku kwetu, lazima yatoke nje, na kazi yake ndiyo ile ile bibi aliyokuwa anaifanya na msesewe, kuupa kinywaji uchungu wa kukata utamu. Sasa unaposhika maji ya moto kwenye nyuzi 65 na uji ule mzito mweupe unaanza kulainika na kuwa mtamu mbele ya macho yako, bila kuweka hata kijiko cha sukari, hiyo raha siwezi kuielezea vizuri kwenye barua. Ukizidisha moto ukafika 75 na kuendelea umeua kile kinachogeuza wanga kuwa sukari, umebaki na uji. Nimeshafanya hivyo. Nimeshapasua chupa pia, kabla sijajua kwamba sukari ya kuwekea gesi inapimwa kwa mzani, gramu 6 au 7 kwa lita, mi nilikuwa nakadiria kwa kijiko, chupa tisa zikalipuka kabatini saa nane usiku na watoto wakalia.

Watu wakaanza kuja. Majirani, mafundi wenzangu, shemeji zangu. Na kila mtu baada ya glasi ya pili anasema neno moja, "Fundi, hii uza." Ukiambiwa neno hilo mara mia linaingia.

Mwaka jana mwezi wa pili jamaa mmoja alikuwa na sendofu ya dada yake, akataka lita 160. Tukapatana 2,500 kwa lita, jumla laki nne, akanipa advansi 250,000 mkononi. Nikaongeza friza ya pili, nikapika ndoo nane ndani ya siku tatu, na kazi za eisi nikazikataa wiki mbili nzima, na Februari ndio mwezi fundi wa eisi anavuna, kila aliyekuwa anavumilia na feni anakupigia simu. Leseni sikuwa nayo. Nilijiambia ni shughuli ya watu tunaojuana, sitauza mtaani, na leo naona nilikosea hata kwa hilo.

Alhamisi saa tatu usiku umeme ukakatika, ukarudi Jumamosi asubuhi. Sasa mtu ambaye si fundi anajua friza ikifungwa vizuri inatunza ubaridi. Inatunza, kama ndani kuna samaki walioganda. Ila ukiweka ndani ndoo nne zinazochemka, friza isiyo na umeme ni hotipoti. Ijumaa asubuhi nafungua, kipima joto kimeshapita 30. Mimi fundi friji wa miaka yote hiyo, na hilo sikuwahi kuliwaza hata siku moja.

Nikapaniki. Nikatoa ndoo zote nikazipanga koridoni, nikafungua mifuniko ili zipoe, nikazifunika kanga mbichi, watoto wakawa wanapepea kwa zamu na ungo. Ndio kosa kubwa zaidi lilikuwa hapo. Inzi wale wadogo wa matunda hawangoji kualikwa, na wakitua wanaleta vimelea vya siki miguuni, na vimelea hivyo vinahitaji hewa ndio vikue. Mpaka Jumatano ndoo tano zilikuwa na utando mweupe juu, mwembamba kama ngozi ya maziwa, ukiinama unapata harufu ya siki na nyuma yake harufu ya rangi ya kucha. Tatu hazikuwa na utando, ila ukionja zinachoma mpaka kifuani.

Alhamisi kaka wa bibi harusi akaja kuonja. Alikunja uso, akatema pembeni, halafu akaniambia kwa upole kabisa, maana ni mtu mwema na kadi zilishagawiwa, "Fundi, tia sukari, tia tangawizi, ikae kwenye barafu. Watu wakishapiga mbili nani anajua?"

Mhariri, niseme ukweli, niliwaza. Nilikaa kwenye kigoda pale koridoni labda dakika ishirini nawaza. Ile 250,000 ilikuwa haipo, 190,000 imeingia kwenye kimea na hopsi na gesi, 60,000 imeingia kwenye ndoo mpya na mipira. Kama ningekuwa nimepika kwa ajili yangu nisingewaza hata sekunde, ningebeba mpaka kwenye migomba nyuma ya nyumba nikamwaga nikaosha nikalala, nimeshamwaga mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Siku ile mikono ilikuwa mizito. Ndani ya ndoo kulikuwa na hela ya mtu mwingine.

Mama watoto ndio aliyebeba ndoo ya kwanza. Hakusema neno. Kesho yake akaenda kukopa kikobani kwenye hisa zake, tukarudisha 250,000 yote, sendofu wakanunua bia za kreti. Deni lile tulilimaliza mwezi wa saba.

Hicho ndicho ninachotaka mpwa wangu akielewe, na ndicho sikukiona kwenye makala yenu. Ukipika kama hobi unaruhusiwa kumwaga. Hakuna anayekudai, aibu ni yako na ndoo yako, na ni kwa kumwaga huko ndio mkono unakuwa mzuri, hakuna njia nyingine, bibi alimwaga, yule Mjerumani alimwaga. Ukishaingia kwenye biashara kila ndoo ina wenyewe, mwenye nyumba yumo, mkopeshaji yumo, aliyetoa advansi yumo, ada ya watoto imo. Na pombe haikuambii mapema kama imeharibika, inakuambia siku ya mwisho hela zote zikiwa zimeshatoka.

Tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na shule tumefundishwa kwamba ni kiburi. Mi siku hizi namfikiria yule mgema tofauti. Akisifiwa wateja wanaongezeka na minazi ni ile ile, na pengine ana marejesho Ijumaa, sasa afanyeje? Ndio maana siamini kwamba pombe mbovu inayoumiza watu kwenye vilabu vyetu imepikwa na watu wabaya. Nyingi naamini imepikwa na mama mwenye mkono mzuri ambaye siku ile hakuwa na uwezo wa kumwaga.

Halafu kuna hesabu, na hapa vijana wengi hawakai chini na daftari. Mi nilikaa. Ndoo moja ya lita 20 inanichukua saa tisa za kazi, na katika hizo tisa ile raha ya kimea na moto ni saa moja na nusu, zinazobaki ni kuosha. Kuosha ndoo, kuosha mipira, kuosha chupa za kuokota baa ambazo ndani kuna vichungi vya sigara, kuloweka dawa, kuosha tena. Ukiondoa mashapo yanayobaki chini unapata lita 18, ukiuza kwa 2,500 ni 45,000, toa gharama kama 24,000, unabaki na 21,000 kwa saa tisa. Kujaza gesi friji moja napata zaidi ya hiyo na chai napewa. Kwa hiyo ili iwe ajira haiwezi kuwa ndoo, lazima iwe matangi, na tangi linataka nyumba yenye maji ya uhakika, jenereta, gari, mtu wa kuuza. Ukifika hapo wewe sio mpishi tena, unashinda kwenye simu unadai hela kwenye mabaa. Kama unaipenda kazi hiyo ya kudai na kupanga, basi una kipaji cha biashara na usiogope. Ila mpwa wangu anapenda kile kile ninachokipenda mimi, namuona anavyonusa kimea.

Nimesoma habari za wenzetu. Marekani kupika bia nyumbani kwa matumizi yako kuliruhusiwa na sheria aliyoisaini Rais Jimmy Carter Oktoba 1978, kama lita 750 kwa mwaka kwa nyumba yenye watu wazima wawili, ila kuuza hapana. Wawili wamenikaa sana kichwani kwa sababu wote ni mafundi kama mimi. Jack McAuliffe alikuwa fundi wa elektroniki jeshi la majini, akaonja bia za Uskoti alipokuwa kambini kule, akarudi California akaanzisha New Albion mwaka 1976, mitambo akajiungia mwenyewe kwa vyuma chakavu, bia ikasifiwa mpaka magazetini, na mwaka 1982 akafunga. Alikuwa anapika chini ya lita 200 kwa mkupuo, karibu sawa na zile ndoo zangu nane, na kwa kiasi hicho hata kila chupa ikinunuliwa haikulipi wewe na wafanyakazi, akatafuta mtaji wa kukua hakupata. Mwingine Ken Grossman, alikuwa anatengeneza baiskeli, akawa na duka la vifaa vya kupikia bia nyumbani mjini Chico, akaanzisha Sierra Nevada kwa kuunga matangi ya viwanda vya maziwa. Ile bia yake iliyokuja kupata jina, mapishi ya mwanzo aliyamwaga, moja baada ya jingine, kwa sababu hayakufanana. Alimwaga na kiwanda kikiwa kichanga. Nikisoma hapo nasimama kila mara najiuliza usiku ule alikuwa anawaza nini, na nani alimlipia.

Kwa hiyo sisemi haiwezekani. Pale Arusha kuna Banana Investments, walianza miaka ya 1990 na mvinyo wa ndizi na sasa ni kiwanda kinachojulikana, Dodoma kuna watu wanasindika zabibu zao wenyewe, na juisi ya rozela watu wanafanya mvinyo mzuri tu hapa hapa Dar. Na sizungumzii gongo hapa, kukeneka, yaani kuchemsha na kukinga mvuke, ni kitu kingine na hatari yake ni nyingine, na sheria imekataza. Nazungumzia kinywaji cha kuchachua.

Makaratasi nayo yapo na lazima yafuatwe. Jina la biashara unasajili Brela, TIN ya kodi unachukua TRA, leseni ya vileo halmashauri, afisa afya aje aone mahali, mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, anapewa barua ya utambulisho ndio aende TBS, wale wa viwango, halafu ushuru wa bidhaa na zile stampu za kielektroniki. Mi sioni ubaya wa hayo, baada ya yaliyonikuta nataka mtu mwingine apime kabla mteja hajanywa. Ila kijana ajue kwamba sheria za pombe zinabadilika na mtaji wako unakuwa umeshaingia. Machi 1 mwaka 2017 viroba, zile pombe za pakiti, vilipopigwa marufuku, jirani yangu wa duka alibaki na maboksi chumbani mpaka akahama nyumba.

Kama kuna mkubwa anasoma ukurasa huu, ombi langu ni dogo. Tupatiwe jiko moja la pamoja, hata wilaya moja tu kwa kuanzia, lenye boila, jenereta na mtu wa maabara, mpishi analipia kwa siku, anapima, na ikifeli inamwagwa pale pale kabla haijawa na deni. Mama wa mbege anayenunua ndizi soko la Mahakama ya Ndizi alfajiri na kijana wa bia ya ulezi wote wangeingia humo. Na nyie wa gazeti, mkiandika tena habari hizi mtafuteni pia aliyefunga, mmuulize siku ya mwisho ilikuwaje.

Sasa kuhusu kijana. Nilipomwambia haya yote alikaa kimya, halafu akaniambia maneno ambayo mpaka leo yananisumbua: "Anko, wewe una ufundi ndio maana unaweza kumwaga. Mi sina kitu. Ukiniambia nisubiri mpaka niwe na hela ya kumwaga, unaniambia nisianze kabisa."

Na ni kweli. Sikuwa na jibu pale pale, nilimwambia anywe chai.

Baada ya siku tatu nikampigia. Nikamwambia kausha damu asiwaguse, hela inayodai kila wiki haiwezi kukaa nyumba moja na kitu kinachochemka siku kumi na nne. Aje kwangu, mapishi kumi, gharama juu yangu, kila pishi aandike kwenye daftari, joto, namba ya haidromita, hamira gani, aliosha na nini, na yatakayostahili kumwagwa yatamwagwa na sitamuuliza hata shilingi. Kati ya wiki tunatoka wote kwenye eisi, ashike spana, apate hela yake ya nauli na ya kuweka pembeni. Ile ya pembeni akiifikisha bei ya mapishi manne, bila kuigusa, ndio twende SIDO wote wawili nikiwa nimevaa shati safi. Kabla ya hapo hapana. Dada yangu ananiona namchelewesha mtoto wake. Labda. Ila mimi ndiye niliyekaa kwenye kile kigoda.

Ameshapika mara tatu. La kwanza lilitoka zuri kwa bahati, akanenepa kichwa. La pili la kawaida. La tatu Jumamosi iliyopita nilikuwa kibarazani nafungua feni ya mtu, nikamsikia anafungua friza, kimya kirefu, halafu nikaona anapita na ndoo mikono miwili kuelekea kwenye migomba. Hakuniuliza. Aliporudi alichukua brashi na sabuni akaanza kusugua, na daftari lilikuwa wazi juu ya friza, ameandika "mfuniko ulikaa vibaya, mpira haukuloweka dawa."

Wiki hii anasema atapitia Tandale mwenyewe kuchukua ulezi.

Ni mimi,
Fundi Friji,
Tabata, Dar es Salaam